Jani la Isale kwa Baba Mkubwa

Jumatatu, 3 Agosti

Yeyote atakayefungua kurasa hizi, namwomba afunge hapa hapa. Akishindwa kufunga, basi hata neno moja lisitoke kinywani mwake. Hasa mbele ya mtu wa Uru, kijijini kwetu. Uru habari haikai nyumba moja.

Asubuhi kama kawaida. Ukungu mpaka saa nne. Nimefungua ofisi, nimefuta meza, nimepokea barua mbili na kuzigonga muhuri. Wino umekauka, nikautemea muhuri mate. Kisha nikaona aibu, ingawa hakuna aliyeniona. Ndivyo nilivyo.

Mchana Mwalimu Rehema akaja ofisini na wanafunzi wake wa tahasusi ya sanaa. Ndio wa kwanza shuleni kwetu kusoma muziki, maigizo na uchoraji kwa pamoja. Sasa wako kidato cha sita. Walimu wa sayansi wanawaita "bendi". Kazi yao ya muhula huu: watafute desturi moja ya huku mlimani, waitengenezee igizo, waitungie wimbo, wachore mandhari yake, waionyeshe siku ya wazazi. Wengi wao si wa huku. Mwalimu mwenyewe katokea Tanga.

"Karani ni mwenyeji," akawaambia. "Mbaneni."

Nikawaeleza isale. Mmea wa majani marefu, tunaoupanda mipakani na makaburini. Mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale, ameomba radhi, na huna ruhusa ya kukataa. Hata kama alikufanyia nini.

Masanja, kijana mrefu wa Mwanza, akacheka. "Yaani nyie Wachaga mnasameheana kwa majani? Kwetu hapo ng'ombe wangeshahama zizi."

Wote wakacheka. Nami nikacheka. Halafu akauliza, "Na akikataa, je?"

Ningesema sijui. Ningesema haijawahi kutokea. Sikusema hivyo.

Jumanne, 4 Agosti

Naandika nilichowasimulia jana, ili nikione kilivyo.

Nilikuwa darasa la sita. Baba yangu, kitinda mimba, alirithi nyumba ya babu pamoja na kihamba chake, lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Ndiyo desturi. Baba akang'oa kahawa ya babu, akapanda parachichi. Hakumuuliza kaka yake. Na ile kahawa Baba Mkubwa aliipanda yeye na babu, akiwa mtoto. Akaacha kumsemesha baba. Akipita njiani anatazama mgombani.

Krismasi ile baba akakata jani la isale akaenda kwa kaka yake. Akanichukua na mimi. Baba Mkubwa alilipokea kwa mkono mmoja, akalitazama, akalitupa zizini. Ng'ombe akalikanyaga. Tulirudi. Karibu na nyumbani baba akaniambia nisimwambie mtu, hata mama. Mwaka uliofuata baba akafa. Hawakuwa wamesemezana.

Watu wanajua waligombana. Habari ya jani hawaijui. Pale zizini tulikuwa watatu.

Tangu msiba ule Baba Mkubwa ndiye baba yangu. Shule ni yeye. Chuo cha utunzaji kumbukumbu ni yeye. Kazi hii ni yeye pia: yumo kwenye bodi ya shule, alinishika mkono akaniingiza kwa Mkuu kama mtoto wa chekechea. Hajawahi kutaja jani. Sijawahi kumtajia.

Na jana nimewapa wageni. Sikutaja jina, nilisema "ndugu wawili wa huku juu". Winfrida, yule anayechora, alitokwa na machozi. Mwalimu Rehema alisema, "Basi. Igizo letu ndilo hili." Wote walikuwa wananitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo.

Nilifurahi. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Si kwamba niliponyokwa. Nilifurahi.

Ijumaa, 7 Agosti

Mazoezi yameanza. Wananiita mshauri wa mila. Napita darasani kwao baada ya kazi, najiambia naenda kuwapunguza makali.

Leo nimejaribu. Nimesema kahawa waiache, waseme wale ndugu waligombania ng'ombe. Mwalimu Rehema akakataa. "Ng'ombe kila mtu anagombania, Deo. Kahawa ya baba yao ndiyo inauma."

Ni kweli. 

Wimbo wao ni mzuri. Wamechukua sauti ya kukoboa kahawa kwa ile mashine ya mkono, kru kru kru, wakaifanya mdundo. Nimesoma miaka mingi na sijawahi kutengeneza kitu. Nilikariri, nikafaulu. Hawa wanatengeneza.

Jumatano, 12 Agosti

Mwenyekiti wa bodi anaumwa. Mkuu amesema siku ya wazazi mgeni wa heshima awe Baba Mkubwa. Viti vya mbele, katikati.

Nimechapa barua ya mwaliko mwenyewe.  Mkuu akaongeza kwamba bodi itaangalia hiyo kazi ya sanaa, kisha iamue kama tahasusi iendelee mwakani au ifungwe. Kwa hiyo hata nikitaka igizo lisionyeshwe, nitakuwa nimewafungia watoto wa watu darasa.

Ningemwambia Mwalimu Rehema leo, angepata muda wa kutunga jingine. Sikumwambia.

Jumamosi, 15 Agosti

Nimepanda Uru kumwona mama. Njiani nimepita kwa Baba Mkubwa, kwa sababu nisipopita ataniuliza. Alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja. Nikamwamkia.

"Marahaba, baba. Barua yenu nimeipata. Mmeniweka mbele kama bwana harusi."

Nikacheka kwa adabu.

"Hao watoto wa ngoma wanatuandalia nini?"

"Sijui, Baba Mkubwa. Mambo yao wenyewe."

Akanipa mkungu wa ndizi nimpelekee mama. Ndizi nzuri, zilizojaa. Nimeubeba begani kilima chote nikiwa naona haya mbele ya ndizi.

Alhamisi, 20 Agosti

Limezidi. Mwalimu Rehema ana mtindo wake aliosomea: igizo likifika mahali pagumu linasimama, mwigizaji anashuka jukwaani, anamwuliza mtazamaji, wewe ungefanyaje? Atasimamisha pale kaka anapopewa jani. Masanja, anayecheza mdogo mtu, atashuka na jani mkononi, atampa mzee mmoja wa viti vya mbele.

Nimeuliza, mzee yupi? Akasema yeyote.

Nimefanya jambo moja tu. Nimewaambia jani lisiwe la kweli. Jani la kweli halichezewi. Hata likiletwa na mtoto, hata likiletwa kwa mzaha, aliyelipokea amelipokea. La karatasi halimfungi mtu. Mwalimu alikubali mara moja, ana heshima kwa mila za watu. Winfrida amekata boksi la sabuni, amelipaka kijani na mstari wa manjano pembeni. Kwa mbali huwezi kujua.

Masanja halipendi. "Linapinda kama chapati, kaka Deo. Nitaombaje radhi na chapati?"

Nimemwambia aombe hivyo hivyo.

Nimejisikia nafuu. Nafuu ya mwoga, lakini nafuu.

Jumatatu, 24 Agosti

Sikula mchana. Mhasibu ameniuliza kama nina malaria.

Ijumaa, 28 Agosti

Leo nilidhamiria. Saa kumi nikatoka ofisini, nikavuka uwanja hadi darasa la sanaa. Nilikuwa na maneno tayari: Mwalimu, yule kaka mtu ni mgeni wetu wa kesho. Nikashika kitasa. Ndani walikuwa wanaimba ule wimbo wa kukoboa, na Mwalimu Rehema anawapigia makofi, na Winfrida anamalizia mlima kwenye shuka kubwa zilizounganishwa. Mlima wake hauna theluji nyingi. Amechora kama ulivyo siku hizi.

Nikaachia kitasa. Nikarudi ofisini nikapanga mafaili yaliyokuwa yamepangwa.

Najua kwa nini. Si kwa ajili yao. Naogopa wakijua, wataacha kuniita mshauri.

Jumamosi, 29 Agosti

Naandika nikiwa chumbani kwangu nilikopanga, mtaa wa Soweto, huku mjini. Mlango nimefunga.

Bwalo lilijaa. Akina mama na khanga za kanisani, wazee na makoti. Baba Mkubwa katikati mbele, kofia magotini. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimeshika karatasi za maneno, kazi yangu kumkumbusha atakayesahau.

Walianza vizuri. Wimbo ulipoanza, kru kru kru, wazee wakacheka kwa furaha, mmoja akawa anazungusha mkono kama anakoboa. Kisha mdogo mtu akang'oa kahawa. Bwalo likatulia. Nilichungulia. Baba Mkubwa hakuwa anacheka tena.

Masanja akapiga magoti mbele ya kaka wa igizo, akatoa jani. Mwalimu akapiga filimbi, igizo likasimama. Masanja akashuka ngazi akiwa ameshika jani kwa mikono miwili, akapita wazee wawili, akasimama mbele ya Baba Mkubwa. Bila shaka kwake yeye. Ndiye aliyekaa katikati. Ndiye mgeni.

Akapiga magoti tena. "Mzee wangu, wewe ndiye kaka. Mdogo wako ameleta hili. Unamjibuje?"

Baba Mkubwa alilitazama jani. Alilipokea kwa mikono miwili. Akalipitisha kidole, akalikunja kidogo. Halikuvunjika kama boksi. Likarudi lilivyokuwa.

"Kijana," akasema, "hili ni la kweli."

Masanja akatabasamu. Alidhani anasifiwa. "La kweli kabisa, mzee! Nimelichuma asubuhi hii hii, pale nyuma ya bweni."

Wanafunzi wakacheka. Wazee hawakucheka hata mmoja. Bibi mmoja wa mstari wa pili akajifunika mdomo kwa khanga.

Kumbe Masanja hakulitaka lile la boksi. Alitaka igizo liwe zuri. Hakumkosea mtu. Ningemweleza ukweli, asingethubutu.

Watoto wa mbele wakaanza kugeuka kumtazama Baba Mkubwa. Halafu akasema, si kwa sauti kubwa, "Basi nimelipokea."

Akasimama. Akavaa kofia. Akatoka kwa mlango wa pembeni, jani mkononi, watu wakimpisha. Mwalimu Rehema akanitazama pale nyuma ya pazia kama anayeniuliza, nini kimetokea? Mkuu alinitazama pia.

Mlango ule uko hatua chache kutoka niliposimama. Ningetoka, ningemkuta kwenye ukumbi wa nje. Nilikiona kivuli chake kupitia kioo, amesimama, kama anasubiri mtu.

Sikutoka.

Igizo halikumaliziwa. Mkuu alipanda akashukuru wazazi, akasema chakula kipo tayari.

Jumapili, 30 Agosti

Sikwenda kanisani. Mama amepiga simu mara mbili. Sikupokea.

Jumatatu, 31 Agosti

Amekuja. Nilisikia kikohozi chake kabla hajafika. Nikasimama.

"Shikamoo, Baba Mkubwa."

"Marahaba."

Hakukaa. Alitazama kabati, akatazama dirisha. Ofisini tulikuwa sisi wawili tu.

"Wale watoto habari ile waliipata wapi?"

Nilikuwa nayo nafasi. Aliileta mwenyewe mpaka mezani kwangu. Nikasema, "Nadhani Mwalimu alizunguka kijijini, Baba Mkubwa. Aliongea na wazee."

"Wazee," akasema.

"Ndiyo."

"Haya." Akatoka.

Wazee gani? Zizini tulikuwa watatu. Mmoja yuko kaburini. Mmoja ndiye aliyeuliza. Nimemdanganya mtu kitu ambacho yeye na mimi tu ndio tunakijua, na nimemwangalia usoni nikifanya hivyo. Mtoto wa darasa la kwanza angedanganya vizuri zaidi. Na nimemsukumia Mwalimu Rehema, ambaye hana kosa.

Najichukia. Sijui neno la adabu la kuliandika hili.

Jumatano, 2 Septemba

Masanja amekuja ofisini, hana utani. Mpishi, mama wa hapa hapa Uru, amemweleza jani lile lina uzito gani. "Kaka Deo, yule mzee nimemfanya nini? Niende kwake nimwombe radhi?" Halafu, kwa sauti ndogo, "Sasa nikienda nabeba nini?"

Nikamwambia asiende. Nikamwambia si kosa lake. Sikumwambia ni la nani.

Alhamisi, 3 Septemba

Bodi imekaa. Mimi ndiye ninayechukua kumbukumbu, kwa hiyo nilikuwa pale pembeni, kichwa chini. Mjumbe mmoja akasema sanaa ifungwe, watoto wamemfedhehesha mgeni, na hata hivyo ngoma si masomo. Mwingine akaunga mkono. Mkuu akamgeukia Baba Mkubwa kwa upole, kama mtu anayemgeukia mfiwa.

Baba Mkubwa akasema, "Hawakunifedhehesha. Waendelee."

Hakuna aliyebisha. Nikaandika: waendelee. Kalamu ilitoboa karatasi.

Hakunitazama hata mara moja. Afadhali angenitazama.

Jumapili, 6 Septemba

Nimekwenda. Baada ya misa, kwa miguu, kabla sijabadili mawazo. Nilimkuta nje ameketi kwenye kigoda, anachambua maharage. Nikamwamkia nikiwa nimesimama mbali.

"Marahaba. Sogea, mimi siumi."

Sikusogea. Nikasema yote hapo hapo. Ni mimi niliyewaambia. Si Mwalimu, si wazee. Nilisimulia kwa sababu walinisikiliza. Nilipokuuliziwa nikakudanganya. Hata hilo la mwisho nililikosea kulisema, nikarudia: uliponiuliza, nikakudanganya.

Aliendelea kuchambua. "Nilijua pale pale bwaloni. Ofisini nilikuja kukusaidia useme."

Akatupa harage bovu pembeni.

"Mama yako anajua habari ya jani?"

"Hapana. Baba alinikataza."

Akasimamisha mikono. Nadhani hilo hakulijua. Kwamba mdogo wake alirudi nyumbani siku ile na akamfichia aibu hata kwa mkewe. 

"Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Leo. Twende."

Tulipanda pamoja, yeye mbele. Nyumbani kwetu hajaingia tangu siku ya kumzika baba. Mama alipomwona mlangoni aliacha mwiko ndani ya sufuria. Baba Mkubwa akaniambia nikae nje. Nikakaa kwenye ngazi. Sikusikia maneno. Nilisikia sauti yake, kisha kimya kirefu, kisha sauti ya mama ikipanda. Mama yangu hapandishi sauti. Alipandisha. Baba Mkubwa hakujibu kwa muda wote ule. Nilitaka kuziba masikio na nikaona sina haki ya kuziba.

Baadaye mama akatoka, macho mekundu, akanipita akaenda mgombani. Mimi hakunisemesha. Nastahili. Lakini alirudi na ndizi, akaanza kumenya, na zilikuwa za kutosha watu watatu.

Tulikula mtori bila maongezi. Baba Mkubwa alimaliza bakuli lake. Hapo mlangoni, akivaa kofia, akanivuta pembeni.

"Yule kijana mrefu. Wa wapi?"

"Mwanza, Baba Mkubwa."

"Anaigiza vizuri. Ila amekosea. Baba yako hakupiga magoti." Akatazama chini kwenye migomba. "Alisimama. Kulikuwa na mvua, alivua kofia akaishika hivi, kifuani. Sikumkaribisha hata kwenye baraza. Mwambie huyo kijana asimame."

Nikasema nitamwambia.

"Na mvua muitafutie namna. Nyinyi ndio mnasoma hayo mambo."

Akaondoka.

Jumatatu, 7 Septemba

Ukungu. Nimefungua ofisi.

Saa kumi nilikwenda darasa la sanaa. Safari hii sikusimama mlangoni. Niliwaambia wote, Mwalimu akiwepo, kwamba ile hadithi ni ya nyumbani kwetu na sikuwa nimeomba ruhusa. Mwalimu Rehema alikasirika. Alisema ningewaambia tangu mwanzo, na kwamba yeye naye alipaswa kuuliza. Winfrida hakuniangalia. Hakuna aliyeniita mshauri. Nilitegemea hivyo, na bado iliuma.

Kisha nikasema mzee ameruhusu wamalizie, ila mdogo mtu asimame, avue kofia, na pawe na mvua.

Msichana mmoja wa muziki akachukua ungo, akatia punje za kahawa, akauinamisha taratibu upande huu, taratibu upande ule. Darasa zima likanyeshewa. Masanja akainuka, akashika kofia isiyokuwepo kifuani, akasimama. Akabaki amesimama. Ni mtoto wa Mwanza, hakuwahi kumwona baba yangu. Nilitoka nje kidogo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa baada ya kuombwa usisome: usipeleke daftari hili ofisini kwangu, mafaili ya pale yanafunguliwa na kila mtu. Siku za kazi, jioni, niko Soweto, nyumba za kupanga nyuma ya kinu cha kusaga. Uliza Deo karani. Jumapili niko Uru kwa mama. Panda hadi kanisani, fuata mfereji upande wa kushoto, uliza kwa Mama Deo. Huenda utamkuta mzee ameketi barazani na bakuli. Mwamkie kwanza. Kisha ukinikosa, mwachie yeye.